Begi la Danford

Kila jioni baada ya masomo, Nyanjige alichukua ndoo yake na kwenda lamboni kuteka maji. Lambo la kitongoji chao huko Mwamapalala halikuwa mbali, na njiani hakukosa mtu wa kusalimiana naye. Alikuwa darasa la sita, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa maneno. Mama yake, Veronica, alizoea kusema kwamba mtoto huyo akitumwa chumvi hurudi na habari za kijiji kizima.

Nyumbani waliishi watatu: yeye, mama, na Mjomba Method, kaka yake mama. Mjomba alikuwa amerudi mwaka uliopita baada ya kukaa gerezani miaka kumi na miwili kwa wizi wa ng'ombe. Sasa alilima pamba na kusuka kamba, na alipopalilia aliimba mpaka watoto wa jirani wakaja kupalilia naye bila kuitwa. Watu wazima hawakumzoea upesi hivyo. Walimsalimia "mwangaluka" kwa mbali, kisha wakaenda kuhesabu mifugo yao.

Jioni moja mwanamume mwenye pikipiki alisimama lamboni. Alisema anaitwa Danford, mnunuzi wa ng'ombe kutoka Bariadi mjini. Alikuwa mcheshi. Alimsaidia Nyanjige kujitwika ndoo, akamuuliza habari za shule. Kesho yake alirudi, na siku ya tatu akamletea begi jipya la shule, jekundu, lenye zipu mbili. Katikati ya mazungumzo aliuliza na mambo mengine: wale maksai wazuri ni wa nani, na hunywa maji saa ngapi? Nyanjige alijibu yote kwa furaha. Alieleza kwamba maksai wale wanane ni wa Mzee Shija, na kwamba Jumapili hunywa maji saa nne, wakati watu wako kanisani na anayewachunga ni babu mmoja asiyesikia vizuri.

Mjomba Method aliliona begi siku hiyohiyo. Alipouliza limetoka wapi, Nyanjige alisema amezawadiwa na mwalimu kwa kufaulu hesabu. Mjomba hakumkaripia. Alivuta kigoda, akaendelea kusuka kamba, akaanza kusimulia jambo ambalo hakuwahi kulisimulia.

Alipokuwa na miaka kumi na mmoja, mgeni mmoja alimnunulia raba nyeupe. Alitaka tu kujua ni zizi gani halina mbwa. Method akamwambia. Ng'ombe wakaibwa, naye akanyamaza kwa sababu raba zilikuwa miguuni. Akiwa na miaka kumi na minne alikuwa akifungua mazizi kwa mikono yake mwenyewe. Alipofika ishirini na mitano alikuwa mtu wa kutegemewa katika genge lililoenea mikoa mitatu. Wengine waliiba, wengine walighushi vibali, wengine walichoma alama mpya juu ya zile za zamani, na malori yakasafirisha. Mkubwa wao aliishi mjini, na Method hakuwahi kumwona uso. Method mwenyewe alikuwa na majina matatu na nyumba mbili, lakini alilala amevaa viatu, tayari kukimbia. Baba yake alipofariki, hakuthubutu kwenda kumzika, maana polisi walikuwa wakimtafuta. Na alipofungwa, yule mkubwa hakumpelekea hata kipande cha sabuni.

"Mimi sikuanza kwa kuiba, mpwa wangu," alisema. "Nilianza kwa kujibu swali, kisha nikaficha."

Nyanjige aliinamisha kichwa. Machozi yakamtoka, na ukweli ukatoka nayo: Danford, begi, maksai, Jumapili.

Mjomba aliogopa, na hakulificha hilo. Akizipeleka habari hizo, watu wangesema yeye ndiye aliyewaita wezi. Hata hivyo walimweleza mama, wakaenda wote watatu kwa Joakim, mwenyekiti wa kitongoji. Ikawa kama alivyohofu.

"Method, leo wewe ndiye unayeniletea habari za wezi?" Joakim aliuliza.

"Ni mimi niliyemwambia yule mtu," Nyanjige alisema kabla mjomba hajafungua kinywa. "Mjomba hajawahi hata kumwona."

Aliliweka begi mezani, akaeleza yote tangu mwanzo, pamoja na ule uongo kuhusu mwalimu. Joakim alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua simu, akawapigia polisi na sungusungu, walinzi wa kijiji.

Jumapili hiyo kanisani waliimba kwa nguvu kuliko siku zote, lakini masikio yalikuwa lamboni. Yaliyotokea huko Nyanjige alisimuliwa baadaye na mjomba. Yule babu alibaki nyumbani, na askari mmoja akavaa kofia yake na kuketi mahali pake. Wengine walijificha ndani ya mtama. Method alikuwa amewaonyesha mahali lori litakaposimama na njia ambayo wezi wataikimbilia.

Saa nne lori likafika. Danford na wenzake wawili wakashuka, kibali cha kughushi kikiwa mfukoni. Maksai mkubwa kuliko wote, aliyezoea mkono wa Mzee Shija tu, akakataa kupanda. Walimvuta, wakamsukuma. Akageuka mara moja tu, akamtupa Danford kwenye tope mpaka kiunoni. Askari walipotokea, hawakuhitaji kumkimbiza. Walilazimika kumvuta kwa kamba. Wenzake walikimbia kwa njia ileile aliyoitaja Method, wakaangukia mikononi mwa sungusungu.

Watu walitoka kanisani kwa vigelegele. Mzee Shija alichinja mbuzi, ngoma zikaletwa, na kila aliyesimulia habari ya tope aliongeza kidogo. Mbele ya watu wote Mzee Shija alimshika Method mkono, akamketisha kando yake. Tangu arudi, hakuna aliyewahi kumkaribisha chakula.

Joakim akamwomba aseme neno kwa watoto. Method aliwatazama, akamtazama na mpwa wake.

"Kosa ni kama ndama," alisema. "Likiwa bado dogo, ukilitaja, utalirudisha zizini kwa mkono mmoja. Ukilificha, linaota pembe. Mimi nilificha miaka mingi, nikapoteza nusu ya maisha yangu. Nyanjige alificha nusu siku tu, na leo ameokoa maksai wanane, na mimi pia."

Ngoma ikaanza tena. Nyanjige akamshika mjomba mkono, wakaingia kucheza, na watu wakawapisha katikati.