Hewa ya Saa Tano

Msumari wa mwisho uligongwa. Giza.

Sindano alikunja magoti zaidi. Sanduku lilikuwa fupi, limezibwa kwa lami ili mbwa wa uwanja wa ndege wasinuse kitu. Hata hewa haikupenya. Ubavuni mwake mkemia alikoroma, amechomwa dawa ya usingizi. Mzee huyo peke yake ndiye aliyejua kutengeneza sumu ambayo Tai, jasusi wa kigeni asiyevua tai shingoni, alitaka kuiuza ng'ambo. Sindano alitumwa kumwokoa, akakamatwa. Sasa walikuwa mzigo mmoja.

Bastola yake ya Beretta alikuwa nayo Tai. Kamba za mikononi alikwisha kuzikata kwa ncha ya msumari. Alibakiwa na kifaa cha sikioni cha kuzungumza na Mjomba, mkuu wake wa kazi.

"Mjomba, unanisikia?"

"Kwa shida. Uko wapi?"

"Ndani ya sanduku. Ghala silijui."

"Maghala ni arobaini, mwanangu. Tunapekua."

Alimulika mtungi wa oksijeni uliowekwa miguuni pao kwa taa ya saa yake ya Casio. Tai, bingwa wa mipango, alikuwa ameandika kwa kalamu nene: WATU 2, SAA 5.

"Mjomba, hadi kwa mnunuzi ni mbali kiasi gani?"

"Kilomita elfu nane na mia moja. Ndege ile ya mizigo inakwenda mia tisa kwa saa. Saa tisa angani, bila kutua."

Kifaa kikazima.

Hewa ya saa tano. Safari ya saa tisa.

Aliogopa, tena sana. Akapiga ubao kwa ngumi.

"Tai! Saa tano kakwambia nani?"

"Rubani." Kiswahili chake kilikuwa safi mno, cha darasani. "Nilimwuliza safari ni saa ngapi. Akajibu, saa tano."

Sindano nusura acheke.

"Baba wee! Hiyo ni saa ya kuondoka. Muulize mtafika baada ya muda gani. Au mnunuzi wako analipia maiti?"

Kisha nyayo, na sauti ya Tai ikimwita rubani.

"Safari ni saa ngapi?"

"Saa tano, bosi. Si nilishakwambia? Muda umekaribia."

"Na tutaruka kwa muda gani?"

"Ah, huko angani? Masaa tisa!"

Tai alitukana kwa lugha yao. Koleo likauma msumari wa kwanza.

Sindano akaukumbatia mtungi.

Kifuniko kilipoinuka aliona tai, halafu kidevu. Alikilenga kidevu.

Pu!

Tai akaenda chini mzimamzima. Beretta ikarudi kwa mwenyewe. Rubani alinyoosha mikono juu.

"Dada, mimi niliulizwa saa, nikataja saa!"

"Kweli, kaka. Lala kifudifudi."

Aliokota simu ya Tai.

"Mjomba, ghala lenye mlango wa bluu. Mzee anapumua."

Askari walipofika, alimkabidhi mkemia kwa daktari wao, akatoka juani. Alivuta pumzi mpaka mbavu zikauma. Simu ikalia.

"Nimekuletea gari, mwanangu. Panda upumzike."

Sindano alilitazama gari, na mlango wake uliokuwa wazi.

"Asante, Mjomba. Leo sifungiwi mlango."

Akaondoka kwa miguu.