Aliyeitikia Adhana ya Nyota

Aliyeisimulia hadithi hii kwanza ni Mwanahamisi, mwaka 1972, katika arobaini ya mumewe Hemedi, fundi cherehani. Hakuirudia tena.

Ilikuwa mwishoni mwa 1964, Kisangani ikiitwa bado Stanleyville. Waasi walikuwa wamekimbia, askari wa serikali wameingia, na mtaa mzima umetorokea njia ya Banalia. Mwanahamisi alibaki, pamoja na mumewe na mama mkwe, kwa sababu alikuwa ametoka kujifungua binti, Nyota. Hapakusikika kinu wala jogoo. Mchana mmoja mboloko, paa mdogo wa msituni, aliingia uani, akakanyaga mihogo iliyoanikwa bila kuionja, akasimama kuutazama mlango.

Kisha wakaja nguruwe-mwitu. Nyani wakajipanga juu ya bati la msikiti. Wote waliutazama mlango ule ule, na nyumba ikajaa harufu ya ngozi mbichi. Nyota akakataa ziwa. Mwili wake ulipoa, macho yake yakabaki mlangoni.

"Hii haiko nyama ya kula," alinong'ona Sikujua, mama yake Hemedi, akiwaashiria wanyama wa nje. "Iko na mwenyewe. Anataka mutoto. Hemedi, unangoja nini kumuadhinia?"

"Mama, basoda beko kwa kona. Banapiga risasi hata mutu akikohoa. Nilimunong'oneza ku sikio."

"Adhana ya kunong'ona? Hiyo ni ya mwizi!"

Maana katika mtaa ule baba alimwadhinia mtoto kwa sauti kamili, na jirani wa kwanza kuitikia kutoka nje akawa baba wa pili wa mtoto, mwenye haki ya kuingia nyumbani bila kupiga hodi.

"Papa Nyota," alisema Mwanahamisi, "mutoto anakufa mu mikono yangu."

Hemedi akasimama, akaweka viganja masikioni, akaadhini, kwanza kwa sauti ya kukwaruza, kisha kwa nguvu zake zote, na kadiri alivyoendelea ndivyo kwato zilivyokusanyika ukutani, zikikwangua udongo, mpaka Mwanahamisi akahisi pumzi nzito zikipenya nyufa za mlango na kumgusa vifundo vya miguu. Akamaliza. Hapakulia risasi.

Nje pakatulia.

"Tumesikia," ikajibu sauti, nzito, yenye majimaji, ikitokea chini, usawa wa goti.

Nyota akalishika ziwa, akanyonya kwa pupa.

"Nani ameitika?" Sikujua akauliza.

"Jirani," akasema Hemedi.

"Jirani gani, Hemedi? Babo bote bameenda!"

Hakuna aliyethubutu kufungua. Walipochungulia, ua ulikuwa mtupu.

Sikujua alifariki kabla ya mwanawe, na Mwanahamisi mwaka 1998. Nyota yuko hai, anakaa Kabondo, humo humo Kisangani. Baba yake wa pili naye yuko hai. Huingia mchana, bila hodi; Nyota humtandikia mkeka, na wajukuu wake wamefundishwa wasimtazame miguu.