Mkaazi wa Dishi la Mwambani

Dishi lilianza kugeuka kabla hajaliamuru.

Injinia alikuwa ameandika amri tu. Kidole kilielea juu ya kitufe huku macho yakipitia tarakimu mara ya mwisho, kama mpishi anayeonja chumvi. Kwenye skrini, alama ya dishi la mwambani ikasogea. Ikaenda taratibu hadi pale pale alipotaka kuipeleka, ikatulia, na chini yake likatokea neno: TAYARI.

Akageuka haraka, kana kwamba kuna mtu aliyemtangulia kubonyeza. Chumbani hakukuwa na mtu mwingine ila Mkuu wa kituo, aliyekuwa akipambana na mfuniko wa chupa ya chai.

"Umeona hilo, Mkuu?"

"Nimeona nini?"

"Limekwenda kabla sijalituma."

"Basi lipandishe cheo," Mkuu akasema. "Hapa tuna watu hawaendi hata wakitumwa."

Injinia akacheka, lakini kicheko hakikufika tumboni. Madishi ya kituo kile yalikuwa makubwa, meupe, yametawanyika uwandani kusikiliza mawimbi kutoka angani, na yeye ndiye aliyeandika programu ya kuyaongoza: geuka huku, inua uso, upepo ukizidi lala chali. Kila dishi lilimjibu limeelekea wapi na mota zake zina joto gani. Aliyajua kama mama anavyojua vikohozi vya wanawe. Hili la mwambani ndilo lililokuja mwisho. Ili kulisimika, wajenzi walilipua mwamba uliokuwa umesimama peke yake, na ndani yake wakakuta uwazi, mkavu na laini kama ndani ya chungu. Wakatazamana, wakaumwagia zege, wakaendelea na kazi.

Tangu siku dishi lilipomtangulia, Injinia hakutulia. Akikaa, anasimama, akisimama, anatamani kukaa. Alirudisha toleo la zamani la programu, na dishi likaendelea kumtangulia. Akaondoa mikono kwenye kibodi, akaikalia kama mtoto aliyekatazwa kudokoa. Amri zikazidi kutoka, zote kwa jina lake.

Kisha ikaja harufu. Chumba kile hakikuwa na dirisha. Kuta zake zilikuwa za chuma, na mlango mzito, ili mawimbi ya mitambo ya ndani yasiyapigie kelele madishi. Lakini mchana kweupe, katikati ya kiangazi, kilinuka udongo uliolowa mvua. Harufu nzuri mwanzoni, halafu nzito, kama ya shimo lililofukuliwa.

Nyumbani kwake, jirani na kituo, alikuwepo shangazi yake, dada wa marehemu baba, aliyemlea yeye na mdogo wake tangu wakiwa wadogo. Alikuwa amekuja kutibiwa macho. Kwao alijulikana kwa kazi ya kupunga pepo, kazi ambayo Injinia aliona haya kuitaja mbele ya wenzake.

"Nani huyo anayeimba?" shangazi aliuliza wakila chakula cha mchana.

"Ni mota za madishi, shangazi."

"Mota haivuti pumzi kati ya ubeti na ubeti, mwanangu."

Injinia akatega sikio. Huko nje sauti nene ilivuma, ikakatika, ikavuta hewa, ikavuma tena. Akarudisha tonge sahanini.

"Ni hitilafu tu. Kesho Kiroboto atapanda kulikagua dishi la mwambani."

Shangazi akanawa mikono kabla ya kushiba. "Mwambie asipande."

Kiroboto ndiye huyo mdogo wake, fundi wa kituo, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hakuna kitu kirefu alichokiona asikirukie. Injinia alimwambia, lakini kwa utani nusu, kama mtu anayeogopa kuchekwa. Na kweli akachekwa.

"Dada, kule juu kuna jua kali. Jini akiwepo, tutagawana kivuli."

Basi adhuhuri ya siku ya pili Kiroboto akazima swichi ya mota chini ya dishi, akaifunga kwa kufuli, akatia ufunguo mfukoni, maana ndiyo sheria ya kazi. Akapanda. Simu za mkononi zilipigwa marufuku pale, hivyo alitumia simu ya waya iliyofungwa ukingoni mwa dishi.

"Dada," sauti ilisema punde si punde, chini kwa chini. "Umeligusa?"

"Sijaligusa. Kwa nini unanong'ona?"

"Linageuka."

"Haliwezi. Ufunguo si unao wewe?"

"Ninao. Niko nao mkononi. Dada, kuna mtu humu amekaa nyuma yangu."

Injinia akaangalia skrini, na hapo akaona madishi yote ya uwandani yakiacha anga moja baada ya jingine, yakigeuka pole pole kama vichwa vya watu wanaosikia jina lao likitajwa msibani, yakishusha nyuso hadi yakalitazama dishi la mwambani, na Mkuu akapiga kelele umeme ukatwe, ukakatwa, taa zikazimika, skrini zikafa, feni zikanyamaza, na katika giza lile la chuma harufu ya udongo ikapanda hadi ikawa kama wamezikwa wote wawili, na bado nje ule uvumaji ukaendelea, ukavuta pumzi, ukaendelea.

Akatoka mbio. Hakufika mbali, shangazi alikuwa tayari njiani, peku, akipapasa kwa fimbo.

Walifika chini ya dishi. Lilikuwa limeinama vibaya, na Kiroboto alining'inia ukingoni kwa mkanda wake wa usalama, shingo imelegea. Shangazi akaweka kiganja juu ya zege.

"Hodi, mwenye nyumba."

"Nyumba mmeivunja." Sauti ilitoka kinywani mwa Kiroboto, ikakuzwa na dishi hadi kokoto zikatetema. "Nilikuwa nimelala. Mmenipa sikio, sasa nasikia kila kitu. Sipati usingizi."

"Unataka nini?"

"Kiti, mwili wa kukalia. Nimekipata."

"Huyo?" Shangazi akaguna. "Huyo hatulii hata kula. Utapata usingizi gani kwa kiroboto? Njoo kwangu. Nimeshapokea wageni wengi, na nyumba ni kimya."

"Shangazi, hapana!"

"Nyamaza, mtoto wa kaka." Alimgeuzia macho yake yenye ukungu, akanong'ona. "Siku zote hizi anakwenda kwa neno lako, hata kabla hujalitoa. Bila wewe hatoki. Liseme."

"Siwezi. Wewe ndiye mama yetu."

"Ndiyo maana. Liseme, mkanda unakatika."

Ulikuwa ukikatika kweli. Uzi mmoja mmoja, kwa mlio mdogo kama wa mtu anayetafuna. Kiatu cha Kiroboto kikavuka mguuni, kikaanguka miguuni pa dada yake. Injinia alimtazama mdogo wake, akamtazama aliyewalea, na hakuna mzani uliowahi kumwelemea kama ule.

"Nenda kwake," akasema.

Hakuwa amefika mwisho wa neno, shangazi akakaa chini ghafla, kama mtu aliyetuliwa mzigo begani. Uvumaji ukakoma. Dishi likajiinua, likamlaza Kiroboto karibu na ngazi, na walipomteremsha aliomba maji, akasema hakumbuki kitu, ila kulikuwa na baridi nzuri.

Kituoni mambo yalinyooka. Dishi la mwambani lilingoja kutumwa kama mengine, na Mkuu aliwaandikia wakubwa wake kwamba ni hitilafu ya umeme. Shangazi alikataa kusindikizwa. Alijifunika mtandio hadi machoni, akapanda basi, akawaambia wasimfuate mpaka aite.

Hakuita. Injinia alivumilia, akashindwa, akapiga simu. Iliita sana kabla haijapokelewa.

"Hujambo, shangazi?"

Ikaja sauti ya shangazi, ile ile, ya upole, lakini ya mtu anayeziba simu kwa kiganja.

"Hatujambo, mwanangu. Sema polepole. Mmoja wetu ndiyo kwanza amelala, na jana aliamka akakuulizia wewe."