Jino la Tiketi Arobaini na Moja

Naapa kwa mvi zangu zote: hadithi hii ni ya kweli, tangu herufi ya kwanza hadi nukta ya mwisho. Sijaitia chumvi hata punje. Na atakayenikamata na uongo, hata mdogo kama kiroboto, nitamlipa faini atakayoitaja mwenyewe. Haya, sogeeni.

Kila alfajiri, kabla vyerehani vya Fundi havijaanza kunguruma ghorofa ya chini, msichana mmoja wa miaka kumi na miwili alikuwa ameshaamka, ameshachota maji na kutandika kitanda chake. Kisha alikitazama kitanda cha pili. Hicho hakikuhitaji kutandikwa. Godoro lake lilikuwa limekunjwa na kufungwa kamba tangu mama yake alipokwenda nchi ya pili kufua mashuka ya hospitali, na sasa ulikuwa mwaka mmoja na miezi minne. Kwenye msumari ukutani lilibaki chanuo la mama. Msichana hakulitumia, ila kila Jumamosi alilipangusa vumbi.

Watu walimwita Karani, kwa sababu hakuachana na daftari lake. Aliishi na babu yake, mzee mtanashati, shupavu, mwenye meno thelathini na mawili kamili, asiyeogopa kitu chochote chini ya jua. Babu huyo alikuwa amekagua tiketi kwenye treni kwa miaka thelathini. Alipostaafu alirudi nyumbani na saa ya mfukoni, koleo la kutobolea tiketi, na tabia moja ya ajabu: kila kitu alikipima kwa tiketi za daraja la tatu.

"Viatu hivi tiketi kumi na mbili? Huyo muuza duka ana wazimu!" alizoea kusema. "Kilo ya sukari ni tiketi moja na kelele za kupatana bei."

Nyumbani kwao palikuwa na sheria. Hakikununuliwa kitu mpaka Karani awe ameandika bei za mahali pawili, mstari wa kushoto na mstari wa kulia. Babu akisharidhika, alilichukua koleo lake na kuutoboa ukurasa, kra! Bila tundu, hapatoki pesa.

Jioni Babu alisimulia. Masimulizi yake yalijaa watu: wezi waliojificha chini ya viti, maharusi walioshuka kituo kisicho chao, mbuzi aliyekata tiketi. Lakini yalipokwisha, nyumba ilirudi kuwa na watu wawili na godoro lililofungwa kamba. Aliyoyapenda zaidi Karani ni masimulizi ya nchi ya pili, kwa kuwa ndiko aliko mama.

"Kule, mjukuu wangu," Babu alisema, "madaktari wa meno wana viti vya mahameli. Unakaa, unapigiwa muziki, ukiamka jino halipo na unapewa soda. Na bei? Bei ya kutupa!"

Basi, mwanzoni mwa muhula, gego moja la Karani likaanza kumuuma.

Mwanzoni lilimuuma akinywa maji baridi tu. Baadaye likawa linamuuma hata akivuta pumzi. Alipomwambia Babu, Babu alijibu kama kawaida yake: "Lete mistari miwili. Bei ya huku na bei ya kule kwa mama yako. Penye nafuu ndipo utakapotibiwa."

Karani alihisi moyo wake ukiruka. Penye nafuu! Kama nafuu ingekuwa kule, basi wangepanda basi. Na mwisho wa safari ya basi angekuwepo mama. Tangu dakika ile gego halikuwa gego tena. Lilikuwa tiketi yake.

Kesho yake alikwenda kwenye kliniki ya meno iliyo nyuma ya posta. Dada wa mapokezi alimtajia bei naye akazigeuza kuwa tiketi: kung'oa jino, tiketi tano; kuliziba, tiketi kumi na nne.

"Mgonjwa mwenyewe yuko wapi?" dada aliuliza.

"Ni mimi."

"Basi kaa hapo, daktari akuangalie. Kuangaliwa tu hakulipiwi."

Karani alikitazama kiti. Kama daktari angemwangalia, angemtibu. Na akitibiwa hapa, safari imekufa. "Nimemwacha Babu nje," alisema, akatoka mbio.

Jumapili mama alipiga simu. Alikuwa na dakika tano tu, kama kila Jumapili, na nyuma yake mashine za kufulia zilivuma kama mvua. Babu alikuwa bafuni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Jino vipi? Bei ulizoniagiza nimekuulizia. Kung'oa ni sawa na tiketi tisa za babu yako. Kuziba ni thelathini. Huku kugumu, mama. Hata mimi nikiumwa jino huwa nalingoja lichoke lenyewe."

Karani alitaka kumwambia kwamba amemkumbuka mpaka usingizi haupati. Badala yake alisema, "Sawa, Mama," na simu ikakatika.

Akalifungua daftari. Upande wa kushoto akaandika: *Huku, jino: tiketi 14.* Upande wa kulia akaandika: *Kule, jino: tiketi 9.* Hakuna nambari hata moja aliyoitunga. Aliacha tu kuandika kwamba moja ilikuwa ya kuziba na nyingine ya kung'oa. Nauli hakuiandika kabisa.

Babu alivaa miwani, akasoma nambari kwa sauti, akacheka. "Tisa kwa kumi na nne! Si nilikwambia? Kule ni bei ya kutupa!" Kra! Ukurasa ukatobolewa. "Nikipokea pensheni mwisho wa mwezi, tunaondoka."

Hadi mwisho wa mwezi zilibaki wiki tatu. Karani alisukutua maji ya chumvi. Alitafuna upande mmoja, kisha akaacha kutafuna. Babu alipouliza alisema, "Afadhali kidogo." Darasani alikaa ameinamia dawati, shavu limeanza kuvimba kidogo, na rafiki yake waliyemwita Kipaza, kwa kuwa hakujua kunong'ona, akamtania mbele ya wote: "Karani, toa huo mpira mdomoni, tuna mechi!"

Darasa zima lilicheka. Karani naye alitaka kucheka, mdomo ukakataa. Wakati wa mapumziko Kipaza alimfuata ukutani alikokaa peke yake.

"We, nilikuwa natania. Unaumwa kweli?"

"Siumwi."

"Mbona machozi?"

"Vumbi."

Hata kwa Kipaza hakuweza kusema. Siri ya namna hii ina ukuta wake: wewe ndani, watu wote nje.

Siku moja kabla ya safari, mfuko ukiwa umeshafungwa na kuwekwa mlangoni, Karani aliamka na homa. Shavu lilikuwa limetuna, jicho limeanza kufumba. Alipokuwa akishuka ngazi kwa kujishikilia ukutani, Fundi alimwona. Fundi alichomoa utepe wake shingoni, akalipima shavu lile: inchi kumi na nane kamili.

"Mzee!" Fundi aliita. "Njoo umwone mjukuu wako! Huyu si wa kupanda basi, huyu ni wa daktari. Sasa hivi!"

Kwenye kliniki, daktari wa meno, mwanamke mwenye viganja vidogo na sauti ya taratibu, alimulika taa mdomoni mwa Karani. Kisha akauliza, "Limeanza lini?"

"Huyu namkumbuka," dada wa mapokezi alisema kutoka mlangoni. "Alikuja kuuliza bei, nikamwambia akae, akakimbia."

"Usimlaumu mtoto," Babu aliingilia, kifua mbele. "Tulikuwa tunampeleka nchi ya pili. Kule jino ni tiketi tisa tu. Hapa kwenu kumi na nne!"

"Tisa za kufanya nini, mzee? Kuziba au kung'oa?"

Babu alivaa miwani yake. Akalitoa daftari kwenye mfuko wa koti, akalisogeza mbali, akalisogeza karibu. Palikuwa na nambari mbili na tundu moja. Jibu halikuwepo. Akamgeukia mjukuu wake.

Karani alisema maneno yake akitazama sakafu. "Ya kule ni ya kung'oa. Ya hapa ni ya kuziba. Kuziba kule ni thelathini. Nilijua, Babu. Nilitaka... nilitaka tu twende."

"Twende wapi?"

"Kwa Mama."

Babu aliitoa saa yake ya mfukoni, akaitazama kana kwamba imeandikwa la kusema. Hatimaye alisema kwa sauti ambayo Karani hakuwahi kuisikia, sauti isiyo na mbuzi wala maharusi ndani yake: "Kosa si lako peke yako. Treni yangu iligeuzia mpakani, mjukuu wangu. Miaka thelathini niliishia kwenye kizuizi. Viti vya mahameli nilivitunga. Sijavuka hata siku moja."

Daktari alivuta kigoda akakaa, macho yake yakawa sawa na ya Karani. "Ungekaa kwenye kiti siku ile, ningeliziba, nawe ungelitafunia mpaka uzeeni. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Sasa mzizi umeoza na usaha umejaa. Nitakupa dawa ushushe uvimbe, kisha nitaling'oa. Na usaha huu ungepanda nao basi siku nzima, ungefika mgonjwa mahututi. Umenielewa?"

"Ndiyo, Daktari."

"Ugonjwa haungoji mwisho wa mwezi. Na kulinganisha bei ni jambo jema, ila linganisha jino na jino, na njia uihesabu. Nusu ya ukweli ni uongo uliovaa vizuri." Kisha akaongeza, polepole zaidi: "Na la mwisho. Ukimkumbuka mama yako, sema. Usilitume jino likusemee."

Siku ya tano uvimbe ulishuka na gego likang'olewa. Sindano ya ganzi ilimuuma kidogo, muziki haukupigwa, soda haikutolewa. Jioni ile Babu na Karani walikaa mezani wakaandika mistari upya. Huku: kung'oa, tiketi tano. Kule: kung'oa, tiketi tisa; nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, thelathini na mbili. Jumla, arobaini na moja.

Karani alizitazama nambari muda mrefu. "Babu. Mama peke yake, kuja na kurudi, ni tiketi ngapi?"

"Kumi na sita."

"Tano na kumi na sita ni ishirini na moja. Bado ni chini ya arobaini na moja."

Babu alilichukua koleo. Kra!

Jumapili simu ilipolia, Karani hakusubiri salamu ziishe. "Mama, nimekukumbuka. Jino limekwisha, lakini mimi nimekukumbuka."

Mashine za kufulia zilivuma. "Mbona siku zote hukuniambia, mwanangu? Mimi nilidhani umeshazoea, nikajinyima nauli ili nikutumie ada. Ngoja niombe ruhusa."

Mama alikuja Ijumaa na kuondoka Jumapili. Siku mbili tu. Karani aliifungua kamba ya godoro mwenyewe. Ijumaa ile hawakulala mapema, na Babu hakusimulia chochote. Aliwaachia maneno wenyewe. Basi lilipoondoka Jumapili, Karani alilia, akarudi nyumbani, akakuta Babu ameshika kamba.

"Tukunje?"

"Tuliache hivyo hivyo," Karani alisema. Lile chanuo halikuwepo msumarini. Mama alikuwa ameliacha juu ya mto.

Hapo ndipo hadithi inapoishia, nami nilikuwa nimeshaweka kalamu chini. Lakini mjukuu wangu alizichukua karatasi hizi akazisoma zote, kalamu nyekundu mkononi.

"Babu, shavu la inchi kumi na nane? Hilo ni tikiti maji!"

"Utepe wa Fundi ulikuwa umechakaa."

"Na hapa umeandika 'mzee mtanashati, shupavu'. Haya, hilo nakusamehe. Lakini 'meno thelathini na mawili kamili'? Fungua mdomo, nihesabu."

"Njia ya mwongo ni fupi, eeh?" nilisema, nikiwa nimefunika mdomo.

"Fupi kama ya treni yako. Fungua."

Nilifungua. Alihesabu kwa ncha ya kalamu, taratibu, kama mkaguzi wa kweli. Yalikuwa kumi na tisa, na matatu kati ya hayo yana matundu. Kisha akalichukua koleo langu mwenyewe, akautoboa ukurasa wa kwanza, pale pale nilipoapa. Kra!

"Umeandika utalipa faini nitakayoitaja," alisema. "Kuangaliwa hakulipiwi. Kesho saa tatu, na mimi nitakushika mkono."

Mistari hii ya mwisho naiandika mkono mmoja shavuni, nusu ya mdomo imekufa ganzi. Matundu mawili yamezibwa, na jino moja limeng'olewa kwa sababu nalo nililingoja. Yule mzee asiyeogopa kitu chini ya jua alifumba macho tangu mlangoni, akashikwa mkono mpaka mwisho. Hilo mjukuu wangu ameniambia niliandike, naye ameshalisoma, na halina tundu la uongo.