Maji ya Beseni Moja

Nakiru hakuwa mtu wa kukaa kitako. Kulipopambazuka alikuwa amekwisha kufagia nasari, kuwasha moto na kuteleka uji. Kisha akina mama walianza kuingia, watoto mgongoni. Wengine waliuza mboga sokoni. Wengine walifua nguo za watu. Wote walikuwa na haraka.

"Habari ya asubuhi, Mama Nakiru! Huyu hajala kitu."

"Nzuri. Mlete hapa. Wewe nenda, usichelewe."

Nasari ilikuwa chumba kimoja cha mabati nyuma ya kanisa, mjini Isiolo. Nakiru aliwalea watoto wale peke yake. Aliwapenda, nao walimpenda.

Ulikuwa mwaka wa 1984. Mvua ilikataa kunyesha. Bomba la mtaa lilitoa maji kwa kubahatisha, na foleni ya madebe ilifika barabarani. Kwa hiyo Nakiru aliyabania maji. Asubuhi alijaza beseni moja. Watoto waliotoka chooni walinawa humo. Waliokuwa wakienda kula walinawa humo humo. Wote walijipangusa kwa taulo moja. Yeye mwenyewe, akishamsafisha mtoto aliyejichafua, alichovya mikono katika beseni lile, akaifuta kwa leso, akaenda kupakua uji.

Siku hizo alikuja mama mgeni, jina lake Sahra. Alitoka Garbatulla, ambako ukame ulikuwa umemaliza mifugo yao. Sasa aliuza chai karibu na soko. Kila asubuhi alimwacha binti yake, Asho, katika nasari.

Asho alianza kuendesha, choo chake kikiwa maji matupu. Nakiru alimsafisha, akamsafisha tena. Mara Kinuthia naye akashikwa na tumbo. Huyu alikuwa mtoto wa Wakonyo, mama mwenye duka. Baada ya Kinuthia, wakafuata wengine.

Wakonyo akaja na akina mama wenzake. Alikuwa amewaka kama moto.

"Tangu lini watoto wetu wakaendesha hivi? Ni huyu wa Garbatulla. Ametuletea ugonjwa! Akibaki yeye, sisi tunatoa watoto wetu."

Bila watoto hakuna nasari. Jioni Sahra alipofika, Nakiru hakuweza kumtazama machoni.

"Mama Asho, kesho usimlete mtoto."

"Mpaka lini?"

"Usimlete tu."

Sahra alimfunga Asho mgongoni, akaenda zake.

Tangu hapo Nakiru hakupata utulivu. Alipoketi, aliinuka. Alipoinuka, alisahau alichotaka kufanya. Nyumbani mumewe, Ekidor, alimwuliza, "Unatafuta nini, wewe? Unazunguka kama kuku anayetaka kutaga."

"Sitafuti kitu."

"Basi kaa ule."

Chakula hakikushuka. Asho alikuwa ameondoka, lakini ugonjwa haukuondoka. Watoto wengine wawili walikuwa wameanza kuendesha. Kama ni Asho aliyeuleta, mbona haukuondoka naye?

Hakuweza kungoja zaidi. Alikwenda kliniki kumwona Gacheri, muuguzi aliyezoea kutembelea mitaa. Gacheri alikuja nasari asubuhi iliyofuata. Aliketi kwenye benchi, akatazama watoto wakitoka chooni, wakinawa, wakipewa uji. Kisha akaomba glasi. Aliichovya katika beseni, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Maji yalikuwa ya kijivu.

"Mama Nakiru, kunywa."

"Hapana, Sista! Hayo ni machafu."

"Lakini watoto wanayanywa. Vidole vikitoka humu, vinaingia mdomoni. Kinyesi cha mtu anayeendesha kina vijidudu vya ugonjwa. Ni vidogo sana, macho hayavioni. Mtoto mmoja akinawa hapa baada ya choo, anaviacha ndani ya maji. Anayemfuata anavibeba. Taulo nayo inavibeba. Na mikono yako pia, unapomsafisha mtoto halafu unashika vikombe."

Nakiru alitazama mikono yake kama ya mtu mwingine.

"Asho tulimwondoa," alisema polepole.

"Ndiyo. Mtoto aliondoka, beseni likabaki."

Nakiru aliinuka, akaenda mlangoni, akarudi. "Sasa nitafanya nini? Maji hakuna! Kila mtoto na maji yake, nitatoa wapi?"

Gacheri aliokota kopo tupu la mafuta ya kupikia. Alilisafisha vizuri, akalitoboa tundu dogo karibu na chini kwa msumari, akaziba tundu kwa kijiti. Akalijaza maji safi, akalining'iniza ukutani.

"Chomoa kijiti. Lowesha mikono. Ziba. Sasa sugua kwa sabuni: viganja, nyuma ya mikono, katikati ya vidole, chini ya kucha. Kama sabuni imekwisha, tumia jivu safi la jikoni. Haya, chomoa tena, suuza. Yale maji yakishaanguka, hakuna mtu mwingine anayeyagusa. Na usipanguse kwa taulo ya wote. Kung'uta mikono, itakauka kwa hewa."

Watoto walinawa mmoja baada ya mwingine. Walifurahi kuona maji yakichirizika. Walipomaliza wote, kopo lilikuwa bado na maji. Nakiru alichungulia ndani, hakuamini.

"Kumbe beseni ndilo lililokuwa likinimalizia maji!"

"Nawa wewe pia, kila ukitoka kumsafisha mtoto, na kabla ya kushika chakula," Gacheri aliendelea. "Msafishie mtoto mbali na jiko. Kinyesi chake kitupe chooni, hata kama ni cha mtoto mchanga. Kila mmoja awe na kikombe chake. Mtoto anayeendesha abaki nyumbani mpaka tumbo litulie. Lakini kumpumzisha si kumfukuza."

Neno hilo lilimchoma Nakiru.

"Na huyo aliye nyumbani, anyimwe maji? Watu husema maji yanazidisha kuendesha."

"Hapo ndipo watoto wanapofia! Maji yanamtoka mtoto, hayarudishwi, anakauka. Chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Tia vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe sawasawa, visifurike. Koroga. Mpe kidogo kidogo, mara kwa mara. Na aendelee kunyonya na kula."

Nakiru tayari alikuwa amejifunga leso kiunoni, akimwita Nanok, mlinzi wa kanisa. "Sista, tafadhali twende kwa Asho. Nanok, binti yangu Akiru aje akae na watoto. Mwite!"

Nanok alikimbia kumwita Akiru. Binti alipofika, wanawake wale wawili waliondoka karibu mbio, Gacheri akiwa na chupa ya maji ya chumvi na sukari aliyokuwa amekwisha kuyachanganya.

"Salaam aleikum!" Nakiru alibisha hodi mlangoni kwa Sahra.

"Aleikum salaam." Sauti ilikuwa ndogo.

Asho alikuwa amelala kwenye mkeka. Macho yake yalikuwa yamezama. Midomo ilikuwa mikavu. Alilia, lakini hakuna chozi lililotoka. Gacheri alibana ngozi ya tumbo lake kidogo, akaiachilia. Ilichelewa kurudi.

"Umempa maji?"

"Nimemnyima tangu jana," Sahra alisema. "Nilitaka tumbo lishike."

"Amekauka. Twende hospitali sasa hivi. Lakini tutamnywesha hata njiani."

Sahra alimgeukia Nakiru. "Wewe uliniambia nisimlete. Leo umefuata nini?"

"Nimekosa, Mama Asho. Nilikulaumu wewe, na kumbe mikono yangu ndiyo iliyosambaza ugonjwa."

Sahra alimwekea kijiko mkononi. "Basi mnyweshe. Mimi nitambeba."

Walikwenda hivyo juani, wakisimama kila mara. Kijiko kimoja. Kingine. Asho alitapika, Nakiru akashtuka.

"Usiache," Gacheri alisema. "Ngoja kidogo, halafu endelea polepole."

Hospitalini waliendelea kumtibu. Mchana wote Nakiru alikuwa akiinuka na kuketi, mpaka Sahra akamwekea mtoto mapajani ili atulie. Jua likielekea kuzama, leso ya Nakiru ikalowa. Asho alikuwa amekojoa! Muuguzi wa hospitali akasema maji yameanza kurudi mwilini. Nakiru alicheka kwa sauti, machozi yakimtoka, na Sahra akacheka naye.

Jumapili Nakiru aliwakusanya akina mama. Aliwaeleza yote bila kujificha, akawaonyesha kunawa kwa kopo. Wakonyo alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kesho yake alileta sabuni kutoka dukani na kikombe cha Kinuthia. Wengine nao walileta vikombe. Siku zilipita, na mtoto wa mwisho aliyekuwa mgonjwa akapona. Hakuna mwingine aliyeanza kuendesha.

Tumbo la Asho lilipotulia kabisa, Sahra alimleta tena. Alisimama nje, hakuingia. Wakonyo ndiye aliyetoka. Alinyoosha mikono, akampokea Asho.

"Mama Asho, chai yako itapoa. Nenda sokoni," alisema. "Huyu nitamnawisha mimi."