Mpini Wenye Joto

Kilichomtia Ernesta wasiwasi kwanza ni kwamba mpini ulikuwa na joto. Shoka lenyewe walilikuta kivulini, chini ya turubai la mzee Kassimu, muuza vyuma wa gulio la Makanya, na bado mpini ulikuwa na joto kama kikombe kilichotoka kunywewa chai.

Ernesta alikuwa mwanamke wa kushuku, tusifichane. Hata chumvi ya dukani aliionja kwanza ndipo aifunge kwenye upindo wa kanga. Lakini Eliamini, mumewe, alikuwa ameshapenda. Bwana Misitu, Mwingereza, alikuwa amempa kazi ya kulinda msitu juu ya Suji, kazi ya kutembea kutwa, na akampa kaptula ya kaki na mkanda mpana wa ngozi. Kwenye mkanda ule Eliamini alitaka shoka dogo la kukatia matawi yaliyoanguka njiani. La kiwandani alilijaribu, likamvuta kaptula chini, watu wakacheka. Hili la zamani, lililofuliwa na wahunzi wa Ugweno tangu kabla ya Mjerumani, lilikaa kiunoni bila kumsumbua.

“Angalia mpini ulivyolika,” Ernesta alimnong'oneza mumewe. “Mwenyewe alitumia mkono wa kushoto. Yuko wapi?”

“Amekufa, mama,” alijibu Kassimu, maana alikuwa amesikia. “Chuma chukueni. Mpini uchomeni leo hii, kabla haujalala ndani ya nyumba yenu. Mpini wa marehemu haurithiwi, hata kwenu mlimani mnajua.”

Eliamini akacheka. Yeye alikuwa mtu wa misheni, Msabato, mambo hayo alishawaachia wazee. Akalichomeka shoka mkandani, wakapanda mlima.

Jumamosi iliyofuata walikuwa wanatoka kanisani, ukungu umeshuka mpaka migombani, Ernesta akasikia mti ukikatwa msituni. Ko. Ko. Ko. Nani Suji hii akate mti siku ya Sabato? Walipofika nyumbani shoka lilikuwa limetundikwa ukutani vilevile walivyoliacha, lakini makali yake yalikuwa yamelowa utomvu mbichi. Na Eliamini alikuwa ubavuni mwake tangu asubuhi.

Siku zile zile Eliamini akaanza kumega ugali kwa mkono wa kushoto.

“Baba, mkono huo?” Ernesta aliuliza kwa sauti ya chini.

“Ni mkono wangu,” alisema, wala hakutania.

Baadaye akamuuliza njia ya kwenda kisimani, kisima alichonywea maji tangu utoto. Akaacha kumwita Ernesta kwa jina, akawa anamwita mama, kama mpita njia anayeomba maji. Ernesta akamwogopa mumewe, na alimpenda, na akaona anampoteza hivihivi akimtazama.

Akashuka Makanya peke yake.

“Shikamoo mzee. Nimekuja kwa lile shoka. Mpini hatukuuchoma.”

Kassimu hata hakuitikia salamu. Aliangalia huku na huku, akamsogelea. “Basi sasa usiuchome. Ningoje nije na mwalimu wangu wa mambo haya. Kwanza tujue nani yuko wapi.”

Ernesta akamshuku papo hapo. Siku ile alihimiza uchomwe, leo anakataza? Huyu anataka kurudishiwa shoka lake, au anatafuta mlo kwa mgongo wa matatizo ya watu. Akarudi mlimani amekasirika, njia nzima anasema peke yake.

Alasiri ile, Eliamini akiwa amelala chumbani, Ernesta aliking'oa chuma, akausukuma mpini katikati ya mafiga, na moto ukashika polepole, na moshi ukanuka nywele badala ya mti, kisha kutoka ndani ya moto akasikia sauti nyembamba ya mtu aliye mbali sana ikisema, “Nesta, naungua, Nesta nitoe,” jina ambalo duniani ni mumewe tu aliyemwita, wakiwa wawili na taa imezimwa, na mikono ikamwasha kutaka kuingia motoni, lakini akajiambia hii ndiyo hila ya wafu, hivi ndivyo wanavyowalaghai watu, akauma kanga, akashika ukuni na kuukandamiza mpini kwenye makaa huku machozi yanamtiririka, akakandamiza na kukandamiza, mpaka sauti ikakoma.

Akaketi chini, hoi. Aliamini amemwokoa mumewe.

Mlango wa chumbani ukafunguka. Eliamini akatoka amevaa kaptula ya serikali, anajifunga mkanda kwa mkono wa kushoto. Akainama, akayatazama majivu vizuri.

“Ahsante, mama,” alisema taratibu. “Mumeo alikuwa hanipi usingizi. Kila siku analia humo ndani ya mpini, anataka nimrudishie mwili wake.”