Kichwa cha Simba wa Lango

Ijumaa asubuhi Wilkister, msimamizi wa karakana ya mawe pale Farsta, ughaibuni, aliikuta meza tupu. Kichwa cha simba cha jiwe, kilichochongwa zamani kupamba lango la mji, hakikuwepo. Jumba la makumbusho lilikileta kifanyiwe ukarabati, na aliyekishughulikia ni fundi Juvénal.

"Kisipopatikana leo, mimi na kazi basi," alisema Juvénal. "Na kesho namwoza Diane."

"Tulia, Baba Diane. Jana uliacha mlango wazi?"

"Nilipokwenda kunywa kahawa tu. Kipchumba alikuwa akishusha mbao."

Wilkister aliinama. Kwenye vumbi, kutoka mezani hadi mlangoni, palikuwa na michirizi ya magurudumu mawili membamba. Akampigia simu Kipchumba, dereva wao.

"Toroli langu lina magurudumu manne, dada," alijibu Kipchumba. "Halafu kwetu simba tunawakimbia, hatuwaibi."

Wilkister akakata simu, akaonyesha bakuli la maharage dirishani. "Hili lililetwa na nani?"

"Dada yangu Xavérine, anayeandaa muhogo wa harusi. Alinikosa, akaliacha."

"Na simba ulikuwa umemlazaje?"

"Kifudifudi, nisafishe upande wa nyuma."

Wilkister akaanza kucheka. "Vaa koti. Twende Hallunda."

Mlangoni kwa Xavérine kilisimama kikapu cha sokoni cha magurudumu mawili, meupe kwa vumbi la mawe. Ndani kulinuka muhogo uliolowekwa.

"Dada Xavérine, tuonyeshe muhogo wa harusi."

"Bado unakamuka," alisema, akawapeleka jikoni.

Juu ya muhogo uliofungwa kwa kitambaa lilikaa jiwe la kuukamua maji. Juvénal akalinyanyua. Kwenye kitambaa kilicholowa, alama ya uso wa simba iliwatazama, manyoya na pua vyote.

Xavérine akaketi. "Yesu wangu. Mimi niliona upande wa nyuma tu, nikajua ni jiwe la kutupwa. Theluji imefunika mawe yote ya nchi hii, ningeokota wapi? Marehemu mama yake Diane hakukamulia kitu kingine ila jiwe. Nilitaka mtoto aonje mkono wa mama yake."

Juvénal akacheka mpaka akafuta macho, akapiga simu makumbusho. "Kimepatikana. Kizima. Kimeoga tu."

Jumamosi, ukumbini, Diane alimega kipande cha muhogo, akatafuna, akasita. Akamega kingine.

"Baba, huu kaukamua nani?"

Xavérine akainamisha kichwa. Juvénal akamwongezea binti yake kipande.

"Simba," alisema.